Vitu Vitamu vya Idi Vinavyoweza Kusubiri Mwezi

Jioni ya mwezi 29 Ramadhani nyumbani kwetu Michenzani haikaliki. Watoto wakishafuturu hukimbilia roshani kutazama upande wa magharibi, ingawa kipande cha mbingu kinachoonekana baina ya jumba na jumba ni kidogo mno kumwonesha mtu mwezi, na sisi watu wazima hukaa karibu na redio tukisubiri tangazo. Mwezi ukiandama, kesho ni Idi. Usipoandama, tunakamilisha 30. Kwa mtoto hiyo ni tofauti ya siku moja ya kusubiri nguo mpya, lakini kwa mama ambaye bado hajatia mkono katika unga ni tofauti baina ya kulala na kukesha.

Nilikesha mwaka mmoja, na tangu hapo sijakubali kukesha tena. Mwaka ule nilijiaminisha kwamba tungefunga siku 30, nikapanga kufanya kila kitu siku ya mwisho: kaimati, visheti, kashata na mkate wa kumimina. Tangazo lilitoka kiasi cha saa tatu za usiku. Hamira yangu ilikuwa kongwe na unga wa kaimati ukakataa kuumuka. Kashata ya nazi niliiacha kwenye jiko la mkaa wakati nakanda visheti, ikashika chini na kuungua. Watoto walisinzia juu ya mkeka wa jikoni, hina ikiwakaukia mikononi, wakisubiri angalau kuonja. Asubuhi jirani yangu ndiye aliyemvisha binti yangu gauni la Idi, kwa sababu mimi nilikuwa mbele ya karai la mafuta. Alikuwa na umri wa miaka minne. Gauni nililishona mwenyewe, la rangi ya malai, na mara ya kwanza kumwona amelivaa ilikuwa adhuhuri, aliporudi likiwa na vumbi miguuni na ubuyu mwekundu kifuani.

Siku hizi navigawa vitu vitamu vya sikukuu kwa kigezo kimoja tu, nacho ni kama vinaweza kusubiri mwezi au haviwezi. Jambo linaloamua ni maji. Chakula kinachobakia na maji mengi ndani yake, kama mkate wa kumimina au tambi zilizoungwa kwa tui, huchacha katika joto letu la pwani kabla ya siku ya pili kwisha, lakini kile kilichokaushwa vizuri na moto, au kilichoshibishwa sukari mpaka maji yake yakashikwa, hukaa. Huku kwetu Unguja hesabu hii haiishii asubuhi ya Idi mosi, kwa sababu watoto husherehekea siku nne, kila jioni wanavaa na kutoka kwenda viwanjani, na kila siku wageni wanaingia na watoto wao. Kitu kitakachoisha ladha baada ya siku moja hakiwafai. Tena Idi za miaka hii ya karibuni zimeangukia katika masika, tarehe 10 Aprili mwaka 2024 na tarehe 31 Machi mwaka 2025, wakati ambapo hata chumvi mezani hulowa. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku zipatazo 11, kwa hiyo Idi inarudi nyuma taratibu kuelekea kaskazi, msimu wa joto kali, ambao nao haumhurumii mtu aliyeweka chakula chenye tui.

Naanza na visheti, na ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote, kwa sababu ni kazi ambayo watoto wanaweza kuifanya kwa mikono yao. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano natia vijiko vinne vya kulia vya samli iliyochemka, kijiko kimoja cha chai cha iliki iliyotwangwa na chumvi ya kushika kwa vidole viwili, nachanganya mpaka unga wote uingie samli, kisha nakandia tui zito la vuguvugu, kiasi cha kikombe kimoja, nikilitia kidogo kidogo mpaka nipate donge gumu kuliko la chapati. Nalifunika kwa nusu saa. Baada ya hapo kila mtoto hupewa uma wake. Anachukua kidonge cha ukubwa wa zabibu kubwa, anakikandamiza juu ya meno ya uma kwa kidole gumba, kisha anakikunja kuelekea kwake, kikatoka kimejikunja kama kombe na mistari yake mgongoni. Vya mdogo hutoka vinene na vya mkubwa hutoka vyembamba, na siku ya Idi kila mmoja hukitambua chake sahanini na kumwonesha mgeni.

Kuvikaanga ni kazi ya mtu mzima. Moto uwe wa chini, na kila mkupuo uchukue dakika 10 au zaidi, maana moto mkali huvipaka rangi nje na kuacha ubichi ndani, na huo ubichi ndio maji yatakayovilainisha kopo likifunguliwa siku ya tatu. Navijua vimeiva kwa mlio: nikivitikisa katika kijiko cha matundu hugongana kwa sauti kavu. Navitandaza kwenye sinia mpaka vipoe kabisa ndipo nianze shira, vikombe viwili vya sukari kwa kikombe kimoja cha maji, nikiichemsha mpaka tone lake, nikilishika kwa kidole gumba na cha shahada, livute uzi.

Hapa ndipo nilipokosea kwa miaka miwili mfululizo. Nilikuwa natia ndimu katika shira ya visheti kama nilivyozoea kwenye kaimati, na visheti vyangu vikabaki kunata na kushikana kama vimepakwa asali. Nikampelekea bibi yangu sahani.

"Shikamoo, bibi. Mbona visheti vyangu havikauki?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetia ndimu?"

"Nimetia, bibi."

"Basi ndiyo hiyo. Ndimu ni ya kaimati. Visheti unataka sukari igande, sasa unaizuiaje?"

Baadaye nilisoma kwa nini, nikaona kwamba alikuwa ameshanieleza kila kitu. Ukali wa ndimu huivunja sukari ya kawaida katika sukari mbili nyepesi zaidi, na hizo huzuia chembe za sukari kujipanga upya na kuganda, na ndiyo maana shira ya kaimati hubaki laini na ya kung'aa. Katika visheti tunataka kinyume chake. Kwa hiyo bila ndimu, shira ikishavuta uzi, naimimina juu ya visheti vilivyopoa katika sufuria pana na kuvigeuza kwa miko miwili bila kusimama. Mwanzo vinang'aa kwa shira, kisha vinafifia, halafu katika muda mfupi sana vinageuka vyeupe vyote, na watoto wanaotazama kwa mbali hupiga kelele. Kwa mbali nasema kwa makusudi. Shira inayovuta uzi ina joto kupita maji yanayochemka, na inanata. Ikimdondokea mtoto haitiririki ikaondoka, inakaa palepale na kuendelea kuunguza. Watoto wangu wanajua mstari wa mlango wa jikoni hauvukwi wakati shira iko motoni.

Visheti vilivyokaangwa hivyo na kufungiwa vikiwa baridi katika kopo lenye mfuniko unaobana hukaa wiki mbili bila kubadilika. Mimi huvifanya baina ya mwezi 20 na 22. Sharti ni hilo la ubaridi, na ni la vitu vyote nitakavyovitaja: ukifungia kitu kingali na uvuguvugu, mvuke wake hukusanyika chini ya mfuniko na kudondoka ndani, na kazi yako yote huharibika usiku mmoja.

Vileja vinafuata, wiki moja kabla ya Idi. Ni vya unga wa mchele, kwa hiyo vinamfaa hata mtoto ambaye tumbo lake halipatani na ngano, na kwa sababu vinamung'unyika vyenyewe mdomoni hata aliyeng'oka meno ya mbele anavimudu, naye huwa hakosekani katika nyumba yenye watoto wa darasa la kwanza na la pili. Kwa nusu kilo ya unga natumia robo kilo ya samli na robo kilo ya sukari ya kusaga. Naipiga samli na sukari mpaka viwe vyeupe, naongeza mayai matatu moja baada ya jingine, iliki, na zafarani kidogo iliyorowekwa katika kijiko cha maji ya waridi, kisha naingiza unga mpaka mchanganyiko ukubali kushikwa na kuviringwa. Kazi ya watoto hapa ni nukta: wanachovya ncha ya kijiti katika rangi nyekundu na kugusa katikati ya kila kileja kabla hakijaingia motoni. Katika oveni navioka kwa nyuzi 170 kwa dakika 15 hadi 20. Kwa jiko la mkaa natia makaa machache chini na kupalia mengi juu ya mfuniko. Kileja hakitakiwi kupata rangi ya kahawia. Kikishapata, kimepitiliza, na harufu ya samli iliyoungua huishinda iliki. Kikitoka kisiguswe mpaka kipoe, kwa kuwa kikiwa moto huvunjika kwa kidole kimoja. Nimegundua pia kwamba vileja vya siku mbili vinanukia kuliko vya siku hiyohiyo, kwa sababu iliki hupata nafasi ya kuenea katika samli, na kwa hivyo hapa kusubiri kunaongeza ladha badala ya kuipunguza.

Kashata ya nazi haisubiri kwa muda mrefu kiasi hicho. Nazi mbichi ina maji na mafuta mengi, na baada ya siku nne au tano katika joto mafuta hayo huanza kunuka, hata sukari iwe nyingi namna gani. Kwa hiyo naifanya mwezi 27, ambapo hata mwezi ukichelewa kwa siku moja bado nimo ndani ya muda. Nakuna nazi mbili, nachemsha sukari nusu kilo na nusu kikombe cha maji na iliki mpaka shira iwe nzito, natia nazi, kisha nakoroga kwa moto mdogo mpaka kashata yote ijikusanye na kuacha ukuta wa sufuria wenyewe. Tangu ile iliyoungua, sijaondoka tena mbele yake. Nusu yake naitia tone la rangi ya waridi, maana mtoto akiona sinia lenye vipande vyeupe na vya waridi anachukua cha waridi kwanza, ingawa ladha ni ileile. Naimwaga kwenye sinia lililopakwa samli, naisawazisha, na kuikata kwa mshazari ingali na joto, kwa kisu kilichopakwa samli. Ikishapoa haikatiki tena, inapasuka. Ndani ya kopo kila tabaka naliwekea karatasi ya kuokea.

Kashata ya karanga hukaa zaidi, lakini kwa watoto walio chini ya miaka mitano siigawi yenye karanga nzima. Kwao nazitwanga karanga mpaka ziwe chenga laini, kwa sababu karanga nzima inaweza kumkwama mtoto kooni, na siku ya sikukuu watoto wanakula huku wanakimbia. Tena mtoto wa mgeni simpi kashata ya karanga kabla ya kumuuliza mamake kama karanga zinamdhuru. Swali hilo halimvunjii mtu heshima.

Tahadhari ya kukwama inahusu ubuyu pia, na kokwa zake hazimfai mtoto mdogo kabisa. Wakubwa wanaujua na wanaudai. Unafanyika siku yoyote ya kumi la mwisho: nauchekecha ubuyu kwanza ili unga wake ubaki pembeni, nachemsha sukari, maji, iliki, vanila na pilipili manga kidogo mpaka shira inate, natia kokwa, nageuza, kisha naurudisha ule unga kukaushia. Rangi naipunguza sana kuliko ya dukani, na baada ya lile gauni la rangi ya malai sihitaji kueleza kwa nini. Halua siipiki. Inataka mikono yenye nguvu, chungu kikubwa na muda wa kukoroga ambao mama mwenye watoto wadogo hana, na ya Wete, Pemba, inapatikana mjini. Hununuliwa mapema, na kwa sukari na samli iliyomo haina haraka ya kuharibika.

Kwa watoto wangu, hata hivyo, sikukuu haijawa sikukuu bila kitu baridi, na hapa nasisitiza faluda kuliko jeli za pakiti. Sababu ya kwanza ni umeme. Jeli ya kawaida hugandishwa na jelatini, ambayo huyeyuka katika joto la mwili, na katika jiko letu la mchana wa kaskazi, umeme ukikatika kwa saa mbili, jeli hurudi kuwa maji. Faluda hugandishwa na chaina grasi, yale majani makavu meupe yanayotokana na mwani, na ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie joto la kuchemka. Sababu ya pili ni kwamba jelatini hutokana na wanyama na lazima mtu ahakikishe ni ya halali, lakini mwani hauna shaka hiyo. Kwa lita moja ya maziwa natumia gramu 10 za chaina grasi, nazikatakata, nazirowesha nusu saa, na kuzichemsha katika kikombe cha maji mpaka zisionekane tena ndipo nizimimine katika maziwa yanayochemka yenye sukari na iliki. Ukiwahi kuzitia hazijayeyuka vizuri, utakuta nyuzinyuzi mdomoni, na mtoto akikutana na uzi mmoja tu huiacha bakuli yote. Nagawa katika vyombo viwili, kimoja cheupe chenye lozi zilizosagwa na kimoja cha rangi ya waridi, na baada ya kuganda nakata vipande vya pembe nne. Chombo kikifunikwa vizuri, faluda hukaa siku mbili katika friji. Kwa kuwa ina maziwa siiachi nje kutwa kwa kuwa tu haijayeyuka. Kubaki imara si dalili kwamba haijaharibika. Naipika jioni ileile ya mwezi 29, kabla ya magharibi. Mwezi ukiandama ni ya Idi, na usipoandama tunaifuturia siku inayofuata na kupika nyingine, kazi ya nusu saa.

Tambi za asubuhi ya Idi nazifanyia nusu ya kazi. Siku mbili kabla nazivunja, nazikaanga katika samli pamoja na zabibu mpaka ziwe na rangi ya dhahabu, na kuziweka kavu katika kopo. Asubuhi natia tui, sukari na iliki, na baada ya dakika 10 ziko mezani. Ziada ya hapo asubuhi ile sipiki kitu kitamu chochote. Mkate wa kumimina nimeuacha kwa siku nyingine za mwaka, au nauagiza kwa mwenye kazi yake, na kaimati nimezihamishia jioni ya Idi pili, wakati nyumba imetulia na watoto wenyewe wanatamani kitu cha moto baada ya siku mbili za vitu vikavu.

Makopo yangu ni manne, moja kwa kila siku ya Idi, na ninayapanga juu ya kabati la nguo, nyuma ya shuka za wageni. Zamani nilikuwa na kopo moja kubwa kwa kila aina, nikaona kwamba kila mfuniko unapofunguliwa unyevu unaingia, na visheti vya Idi nne vilikuwa vimeshafunguliwa mara 30 kabla ya siku yao. Sasa kila kopo lina kidogo cha kila kitu, ila kashata ya nazi, isiyosubiri sana, iko katika makopo mawili ya mwanzo tu, na hakuna kopo linalofunguliwa kabla ya zamu yake. Kabla ya kuyafunga natenga sahani za majirani, kwa sababu sahani yangu huondoka usiku wa Idi na haijapata kurudi tupu, na watoto wanaozipeleka wanajua kwamba mlango wa tatu kuna bibi anayetoa mkono wa Idi mapema.

Mwaka jana tangazo liliposomwa jiko lilikuwa limezimwa. Niliwapaka watoto hina, nikawaogesha mapema, tukalala. Alfajiri nilipika tambi, kisha nikamwita binti yangu, ambaye sasa ana miaka kumi na mmoja na urefu unaonikaribia, akaja na gauni lake mkononi, akageuka nimfunge vifungo vya mgongoni. Vilikuwa tisa. Nilipofika cha mwisho mdogo wake alikuwa ameshapanda juu ya kiti mbele ya kabati, akiuliza kama kopo la Idi mosi linaweza kufunguliwa kabla ya kwenda kusali, na kwa kuwa ni sunna kula kitu kabla ya kutoka kuisali Idi hii, nilimwambia ale tende kwanza, kisha alete kopo.